Matuta ya Viazi Juu ya Killary: Siku Yetu Connemara

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu, habari za huko. Sisemi mengi kwanza, nageuza kamera. Angalieni ule mlima ng'ambo ya maji, pale juu kidogo ya wale kondoo. Mnaiona mistari? Ile inayopanda na mlima, imelala sambamba mpaka karibu na miamba? Watu wa Njombe, Makete na Uporoto wala sihitaji kuwaeleza. Yale ni matuta ya viazi. Hakuna anayelima pale sasa hivi, na mengi ya matuta mnayoyaona kwenye milima ya huku yaliachwa wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845. Majani yameota juu yake, kondoo wanapita, lakini tuta bado ni tuta.

Hapa tuko Killary, eneo la Connemara, magharibi ya Ireland, mpakani mwa kaunti za Galway na Mayo. Maji haya ni ya bahari, yameingia katikati ya milima kwa kilomita 16 hivi. Yale maboya meusi ni ya wafugaji wa kome: kamba zinaning'inia chini, kome wanajishikiza humo mpaka wakomae. Tumetoka Galway mjini asubuhi kwa basi dogo la kukodi, Waswahili wa kila namna: Watanzania, Wakenya, familia moja ya Warundi wenye watoto wachangamfu sana, na mzee wetu wa Bukavu ambaye ameimba tangu tunaondoka. Akina mama wamekuja na pilau, kachumbari na chai ya tangawizi kwenye chupa, kwa hiyo kwa upande wa tumbo tuko salama.

Naomba mnivumilie nikae kwenye viazi, maana mimi nimesomeshwa kwa viazi. Ada yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya baba. Ndiyo maana nilipoyaona haya matuta mara ya kwanza nilishtuka, nikaanza kuuliza watu.

Huku walikuwa wanalima hivi. Mkulima anapanga mbegu juu ya majani bila kulima, anaweka mwani kutoka ufukweni kama mbolea, kisha anachimba mfereji kila upande na kugeuza udongo ule juu ya mbegu. Mfereji unaondoa maji, kwa sababu mvua ya huku haina likizo. Ardhi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye shamba mkubwa, na mkulima analipa kodi kwa kazi yake au kwa nafaka na mifugo anayouza. Kilichobaki kwa ajili ya watoto ni kipande kidogo cha mlima, na zao pekee linaloweza kulisha familia nzima kwenye kipande kidogo hivyo ni kiazi. Wengi walipanda aina moja tu.

Halafu ukaja ugonjwa. Na huu ugonjwa, ndugu zangu, mnaujua, ni huu huu tunaouita ukungu. Asubuhi ya manyunyu unakuta doa jeusi kwenye jani, unaligeuza, chini yake kuna utando mweupe. Ndani ya siku chache shamba limeungua na linanuka mpaka barabarani. Baba yangu akiona doa moja tu anakimbilia bomba la dawa. Wakulima wa hapa hawakuwa na dawa yoyote, maana ule mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulikuja miaka ya 1880. Viazi vilioza ardhini, na vile vilivyovunwa vikionekana vizima vikaozea kwenye mashimo ya kuhifadhia. Na wakati huo huo meli zilikuwa zinaondoka bandarini na nafaka, siagi na ng'ombe kwenda Uingereza. Hilo ndilo linalonichoma. Chakula kilikuwepo, ila hakikuwa cha yule aliyekilima.

Mzee wetu wa Bukavu alisimama kimya pale ukingoni, akauliza, "Batu balikufa na njaa, huku Bulaya?" Ndiyo, mzee. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada na Uingereza. Mwaka 1841 kisiwa hiki kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Leo, ukijumlisha kusini na kaskazini, ni milioni saba na kidogo. Kwa hiyo mkiona kwenye picha zangu mabonde matupu mkaniandikia "dada, huko ni kuzuri, kumetulia", ni kweli ni kuzuri, naipenda nchi hii kwa moyo wote. Lakini sehemu kubwa ya utulivu huu ni watu walioondoka.

Tukaendelea mpaka bonde la Doolough, upande wa Mayo. Hapa barabara ni nyembamba, ziwa liko kando, milima imesimama pande zote mbili, hakuna nyumba. Mwezi Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh wakaguliwe kama wanastahili msaada. Wakaguzi walikuwa wameondoka, wakaacha maagizo kwamba watu wafike asubuhi Delphi Lodge, jumba la uwindaji kilomita kama 19 kutoka pale. Wakatembea usiku, kwenye baridi, wengi bila viatu, akina mama na watoto. Walipofika hawakupewa kitu, wakaambiwa warudi. Wengi walikufa kwenye njia hii ninayoikanyaga.

Kuna msalaba wa jiwe hapa kando ya barabara, na kila mwaka watu hutembea njia hii kuwakumbuka. Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuja kutembea nao mwaka 1991, wakati Afrika Kusini bado haijawa huru, na jina lake liko kwenye jiwe. Mama mmoja wa kwetu alisoma lile jina kwa sauti, akaanzisha wimbo wa kanisani, tukaitikia wote. Dereva wetu, mwenyeji wa huku, alivua kofia.

Kylemore sitawachosha nako, ni mahali mnapopaona kwenye kalenda zote za Ireland: jumba kama ngome kando ya ziwa. Tajiri Mitchell Henry alianza kulijenga mwaka 1867 kwa ajili ya mkewe, Margaret. Mama yule akafariki safarini Misri mwaka 1874, mume akamjengea kanisa dogo zuri sana, nendeni mlione. Tangu 1920 wapo masista Wabenediktini, waliokimbia vita kutoka Ypres, Ubelgiji. Mimi nilipenda zaidi bustani yenye ukuta, maana inapangwa na kupaliliwa vizuri mpaka unatamani kukaa na jembe.

Watoto wao, kilichowafurahisha ni mbwa wa kuchunga. Mfugaji anapiga mluzi wa aina moja mbwa anazunguka kushoto, aina nyingine kulia, na kondoo wanaingia zizini bila mtu kupiga kelele. Zile rangi nyekundu na bluu mgongoni mwa kondoo ni alama ya mwenyewe, kwa sababu milimani huku wanachanganyika.

Sasa ninyi mlioko Dublin, Cork na Limerick mnaoniuliza jinsi ya kuja. Jichangeni watu kumi na kuendelea, kodini basi dogo lenye dereva, msilete basi kubwa, ile barabara ya Doolough hailiwezi. Bebeni chakula, bondeni hakuna duka. Koti la mvua na viatu vya kukanyaga matope ni lazima hata kama kumekucha jua. Ukifungua geti la mtu, lifunge. Njooni mwezi wa tano au wa sita, saa mbili za usiku bado kweupe na mnarudi bila haraka.

Na wakulima wa viazi mnaoangalia, niandikieni hapo chini mwaka huu ukungu umewafanyaje na mnapiga dawa gani, baba yangu anasoma majibu yenu yote.