CIF Dar es Salaam: mzigo ukiharibika njiani ni wa nani?

Ndugu zangu wafanyabiashara, wengi wenu hapa mmeshanisikia nikililia jambo hili, na nawaona walioanza kucheka kabla sijashika maiki. Chekeni, nitarudia.

Mtu ananionyesha profoma kwenye simu: "Kaka, nimepata CIF Dar, kila kitu juu yake." Juu ya nani? Muuzaji wa CIF analipa nauli ya meli na bima mpaka bandarini kwetu, basi. Mzigo ukishapakiwa melini kule China, hasara ya njiani ni yako. Yeye kakukatia tiketi ya basi. Begi likipotea Chalinze, unalia wewe.

Mtasema, "Lakini bima kakata." Kakata, ndiyo! Kanuni za Incoterms za 2020, zile za kimataifa zinazogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, zinamtaka akate ile ya chini kabisa, daraja C, kwa asilimia 110 ya bei ya mkataba. Hiyo inalipa meli ikizama, ikiungua, ikigongana. Wizi haumo. Kontena kuvuja mvua hakumo.

Kuna kijana mmoja wa vigae, Kariakoo hapa hapa. Kontena limetoka Foshan, kafungua, maboksi ya chini unga mtupu. Kampigia muuzaji, akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba bili ya shehena inasema mzigo ulipanda meli salama. Kageukia bima: kampuni iko China, karatasi za Kichina, na wanauliza ripoti ya mkaguzi wa bima. Mkaguzi gani, wakati vigae vimeshapangwa stoo na vingine vimeshauzwa? Na hata angemwita mapema, daraja C haigusi vigae vilivyopondeka kwa kutikiswa tu. Ndipo akaniletea mimi zile karatasi. Nizifanyie nini? Uchungu zaidi, sheria yetu inataka bima ya mzigo unaoingia ikatwe kwa kampuni za hapa nyumbani. Kwa hiyo ile ya Kichina ambayo haikumsaidia aliilipia ndani ya bei.

"Sasa mimi meli nitaijulia wapi?" Hutafuti meli wewe! Nunua FOB, yaani muuzaji aishie kupakia mzigo melini, nauli na bima ulipe mwenyewe; mpe wakala wako wa usafirishaji kazi ya kupata nafasi, bima ukate hapa, daraja A, ile pana kuliko zote, kwa watu unaoweza kwenda kugonga mlango wao. Wenye mizigo midogo ya kuchanganya kontena ndio hasa nawasema. Nauli ya CIF inaonekana bure, halafu wakala wa muuzaji aliyeko hapa anakudai ada ambazo hukuzisikia kabla hajakupa hati ya kutolea mzigo. Utabishana naye huku stoo inahesabu siku?

Na asikudanganye mtu kwamba FOB inapunguza ushuru. TRA wanaongeza nauli na bima kwenye thamani kabla ya kukokotoa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka: EXW, yaani kuchukua mzigo mlangoni kwa muuzaji, achaneni nayo, taratibu za kutoa mzigo China zinakuwa zako na huna leseni kule. Kwa kontena, FCA, yaani muuzaji anamkabidhi mzigo msafirishaji wako, ni bora kuliko hata FOB, maana kontena linakabidhiwa yadi, si melini. DDP, ile ya muuzaji kulipa mpaka ushuru wa huku, tutaongea wakati wa chai, ina mambo yake na TIN. Na msiandike "FOB" peke yake. Andikeni "FOB Nansha, Incoterms 2020", bandari kwa jina.

Haya, maswali. Mama wa vitenge, ulinyoosha mkono zamani.