Foleni Isiyo na Kichwa

ZUHURA: Haya karibuni tena, leo nimekuja na mambo matatu ya foleni, nimeyaandika kabisa kwenye simu, ila kwanza Mbwana, juzi umenipigia sauti imekukauka. Waambie.

MBWANA: Dada, Jumanne nimezuia gari la wagonjwa. Mimi. Taa ilikuwa kijani, nikaona mbele pana upenyo kidogo nikaingia makutano, wa mbele akasimama, taa ikageuka nyekundu niko katikati, wa kulia na kushoto wamewashiwa kijani yao lakini wanapitaje na mimi nimewakalia, halafu nyuma king'ora kinalia tu, hakuna wa kusogea.

ZUHURA: Pole jamani. Ulikuwa unamsubiri nani?

MBWANA: Ndo nimeliwaza wiki nzima! Namsubiri wa mbele, wa mbele kakwama kwenye mkia wa taa inayofuata, ile nayo imezibwa na wanaokata kona, na hao mkia wao umezunguka mtaa wote ukaja kuishia pale pale nilipoziba. Yaani nilikuwa najisubiri mwenyewe.

ZUHURA: Foleni ya kawaida ina kichwa bwana, kichwa kikitoka wote mnatoka. Ikishafunga duara haina kichwa tena. Ila sio kosa lako, ni wingi. Japani kuna jaribio lilitoka 2008, magari 22 kwenye duara la mita 230, hakuna taa wala makutano, wote wameambiwa waende kilomita 30 kwa saa. Mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma akapunguza zaidi, mwishoni kuna aliyesimama kabisa.

MBWANA: Walikuwa wanaenda wapi?

ZUHURA: Hawaendi popote, ni jaribio.

MBWANA: Mtu haendi popote na bado kapata foleni!

ZUHURA: (anacheka) Mbwana, tuendelee.

MBWANA: Hapana subiri, hao wa duara kwanza walikuwa wanatembea. Ile foleni ilikuwa inarudi nyuma kama wimbi, aliyesimama baada ya muda kidogo anaondoka. Mimi sikuondoka, maana niliingia mahali sina pa kutokea. Wote tungengoja nje ya makutano, duara letu lisingejifunga kama kufuli. Uingereza walianza kuchora vile visanduku vya mistari ya njano kwenye makutano, huingii mpaka uwe na pa kutokea, tangu 1967 kwa sababu hiyo hiyo.

ZUHURA: Sawa, umengoja nje ya kisanduku. Mkia wako uko wapi sasa? Si uko kwenye makutano ya nyuma! Walipima mji wa Yokohama, huko huko Japani, magari yakiongezeka mjini, yanayopita kwa saa nayo yanaongezeka, mpaka kiasi fulani, ukipita hapo kila unaloliingiza linapunguza yanayotoka. Kwa hiyo unayashikilia pembeni ya mji kwa taa, Zurich kule Uswisi wanafanya hivyo.

MBWANA: Na wanaokaa pembeni? Umewabebesha foleni yetu. Gari la wagonjwa likitoka huko je?

ZUHURA: Foleni ya pembeni ina kichwa, inasogea.

MBWANA: Inasogea kwa nani? Mi nakataa, dereva ndo anafunga kufuli.

ZUHURA: Na mi nakataa, dereva mwema kwenye mji uliojaa atafunga tu, hata hao 22 wote walitii.

MBWANA: Hao hawana safari, usinitajie!

ZUHURA: We ndo umewang'ang'ania tangu saa ile! Ona, fundi ananionyesha vidole viwili, na yale matatu yangu sijasoma hata moja.

MBWANA: Soma la kwanza basi.

ZUHURA: Haitoshi dakika. Niambie tu, lile gari lilipita?

MBWANA: Walipandisha kwenye njia ya waenda kwa miguu, watu wakajibana ukutani, likapita. Vioo vyeusi, sikuona aliyekuwemo.