Kuchekecha majivu ya Paradise

BARAKA: Karibuni tena barazani. Mimi Baraka, nipo Moshi, na leo umeme upo, tushukuru. Dada Neema yuko Sacramento, California. Shikamoo dada.

NEEMA: Marahaba kaka. Huku ni saa tano usiku, hii sauti mnayoisikia ni ya kahawa.

BARAKA: Uliniahidi stori ya majivu.

NEEMA: Ya Paradise. Mji huo uko vilimani kaskazini mwa hapa, saa moja na nusu hivi kwa gari. Ulikuwa na watu kama 26,000, wengi wao wastaafu. Tarehe 8 Novemba 2018 moto ulianza alfajiri kule bondeni, upepo ukausukuma, na mpaka mchana sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeshaliwa. Watu 85 walikufa. Wanauita Camp Fire, na wengi hudhani kuna kambi iliungua, kumbe ni jina la barabara tu, Camp Creek.

BARAKA: Aliuwasha nani?

NEEMA: Ndoano. Ndoano ya chuma kwenye nguzo ya umeme, imening'inia pale karibu miaka 100, ikalika, ikalika, siku hiyo ikakatika. Waya ukagusa nguzo ya chuma, cheche za chuma kilichoyeyuka zikaangukia majani ambayo hayajaona mvua tangu lini sijui. Kampuni yenyewe ya umeme, PG&E, mwaka 2020 ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

BARAKA: Mh! Ndoano. Haya, wewe ulifikaje huko?

NEEMA: Kanisani tulitangaziwa kwamba wanatakiwa watu wa kujitolea. Mimi nikajua tunakwenda kusafisha, kubeba mabati, kukwangua. Nikafika na ufagio, Baraka. Ufagio wangu mwenyewe, kutoka nyumbani.

BARAKA: (anacheka) Kufagia mji mzima!

NEEMA: Msimamizi aliutazama, akanionea huruma. Ule uchafu mkubwa ulikuwa kazi ya serikali, na makatapila na malori yake. Walikuja kuondoa zaidi ya tani milioni 3, ikachukua karibu mwaka. Kazi yetu ilikuwa kutangulia kabla katapila halijafika. Kutafuta.

BARAKA: Kutafuta nini, na nyumba imeungua yote?

NEEMA: Subiri. Kwanza unavalishwa ovaroli nyeupe, barakoa, glavu, miwani, kwa sababu majivu ya nyumba si kama ya jikoni kwa bibi. Mna sumu ya madini ya risasi, mna asbesto, vumbi linaloharibu mapafu, mna betri. Halafu unamuuliza mwenye nyumba: chumba cha kulala kilikuwa wapi? Naye kasimama pale pale kwake, na hajui! Kuta hazipo, limebaki dohani tu. Basi tunasoma vyuma. Ukiona springi za godoro, hapo palikuwa na kitanda. Ukiona ngoma ya mashine ya kufulia, hesabu hatua kwenda jikoni.

BARAKA: Kumbe ni elimu.

NEEMA: Ni elimu. Tena paa ndilo limeanguka juu ya kila kitu, kwa hiyo ukianza kuchota juu juu unachekecha vigae bure. Unaondoa tabaka la paa kwanza, vya mtu viko chini yake. Unachota koleo, unamwaga kwenye chekeche, lile lile la mafundi wa mchanga, fremu ya mbao na wavu. Wawili mnalitikisa.

BARAKA: Na kinachobaki ni nini?

NEEMA: Vitu vilivyopita motoni zamani. Kauri ilishachomwa tanuruni, haishangai. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, nimeona rimu za gari zimetiririka mpaka barabarani kama maziwa yaliyofurika. Dhahabu inahitaji 1,064, kwa hiyo pete ina bahati yake. Lulu hazina.

BARAKA: Sasa niseme kitu kitakachoniletea lawama. Watu wamepoteza nyumba, nyinyi siku nzima mnatafuta pete. Si mngejenga hata choo?

NEEMA: Nilijiuliza hivyo hivyo mpaka saa nane mchana. Tulikuwa kwa mama mmoja mjane, kaletewa kiti, kakaa pembeni, anataka pete ya marehemu mumewe. Hatukuipata. Tulichokipata ni chungu cha maua, kibaya, cha kijani, hata ufa hakina. Nikampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akasema, "Hicho? Cha mama mkwe! Miaka thelathini nimekificha nyuma ya kabati!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu ndipo akaanza kuongea, nani alilala chumba kipi, nani alianguka kwenye ngazi. Kabla ya hapo alikuwa kama gogo.

BARAKA: Kwa hiyo mlikuwa msibani.

NEEMA: Matanga, kaka. Tofauti ni kwamba huku hakuna anayejua kukaa tu na mfiwa. Lazima apewe koleo ndipo awe na sababu ya kukaa.

BARAKA: Na mahubiri? Maana mfiwa hana pa kukimbilia.

NEEMA: Wapo wanaopitiliza, nisidanganye. Kundi letu tuliambiwa: omba ruhusa ndipo uombe dua, na akikataa, endelea kuchekecha. Samaritan's Purse, shirika la misaada la Kikristo, wale wa fulana za chungwa wa mhubiri Franklin Graham, wana desturi yao: kazi ikiisha, waliofanya kazi wanaweka sahihi kwenye Biblia, mwenye nyumba anakabidhiwa. Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la huku Marekani, utawajua kwa fulana za njano.

BARAKA: Sisi hapa Oktoba 2020 tuliuona mlima ukiwaka usiku, Kilimanjaro nzima kama ina shanga za moto. Vijana walipanda na matawi kuuzima. Ila nyumba za watu hazikuwemo. Huyo mama alijenga tena?

NEEMA: Alihamia kwa binti yake. Kile chungu alikipakata kwenye gari.

BARAKA: Na ufagio?

NEEMA: Nilifagilia matope ya viatu vyetu kabla ya kupanda basi. Dereva alisema ndiye aliyefaidika kuliko wote.