Binti Marbury, mke wa Hutchinson: jinsi ya kufuatilia ukoo wa mlowezi Mpuritani

Mabibi na mabwana, naanza na tarehe mbili zilizomo katika daftari la ubatizo la parokia ya Alford, Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Faith Hutchinson alibatizwa 14 Agosti 1617. Mdogo wake, Bridget, alibatizwa 15 Januari 1618. Baba mmoja, mama mmoja, na kati yao miezi mitano. Mkunga yeyote angecheka, na mama yao, Anne Hutchinson, binti wa Marbury, aliyehamia Massachusetts na huko akashtakiwa kwa maoni yake ya dini, alikuwa mkunga.

Daftari halijakosea. Anayekosea ni msomaji wa leo. Waingereza wa wakati ule waliufungua mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari 1618 ya kasisi wa Alford ni Januari 1619 kwetu, na watoto wale wamepishana miezi kumi na saba. Ndiyo sababu wanaoshughulikia nasaba huandika miaka miwili, kama 1618/9, kwa kila tarehe iliyo kati ya 1 Januari na 24 Machi. Mwaka ule wa zamani ulitumika katika Uingereza na makoloni yake hadi 1752. Kalenda yao pia ilikuwa nyuma ya ile ya Papa Gregori, tunayoitumia leo, kwa siku kumi, lakini siku hizo msiziongeze. Iacheni siku kama ilivyoandikwa, sahihisheni mwaka tu.

Kosa la Bridget linajitangaza lenyewe. La kuogopa ni lile linalopita kimya. Binti mwingine, Anne, alibatizwa 5 Mei 1626, na Mary akafuata 22 Februari 1627. Miezi tisa na nusu: hakuna atakayeshtuka, na Mary ataingia kwenye chati akiwa mkubwa kwa mwaka mzima. Zuriel, kitinda mimba, alibatizwa Boston ya Marekani 13 Machi 1635. Familia ilikuwa imeshuka kutoka meli ya Griffin 18 Septemba 1634. Ukiusoma mwaka ule ulivyo, utaandika kwamba Anne alivuka Atlantiki akiwa mjamzito, na huenda ukaongeza aya nzima ya kumhurumia. Zuriel alibatizwa 1636. Mimba ilitungwa nchi kavu.

Tukiwa kwenye miezi, kuna mtego mwingine. Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa lao litakaswe zaidi, hawakupenda majina ya miezi yenye miungu ya Kirumi, kwa hiyo waliihesabu kwa namba, na mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuiita Januari mwezi wa kwanza, anakosea kirahisi kuliko wengine. Ila watu wa pwani wana dawa yake: Mfungo Mosi ni Shawwal, si Muharram, na hakuna anayepotea. Anne alipokelewa katika kanisa la Boston siku ya pili ya mwezi wa tisa 1634, yaani 2 Novemba. Mumewe William alikwisha kupokelewa wiki moja kabla, 26 Oktoba. Tofauti hiyo ya wiki haikutokea hivihivi. Mchungaji aliyesafiri nao melini, Zechariah Symmes, alikuwa amelalamikia maoni ya mama huyu, kwa hiyo Anne akahojiwa zaidi kabla ya kukubaliwa. Tarehe mbili kavu za daftari zinaonyesha mwanzo wa mgogoro uliomfikisha mahakamani miaka mitatu baadaye.

Sasa utaratibu wenyewe. Anzeni upande wa Marekani, na msiruke bahari mpaka mmemaliza huko. Orodha ya abiria wa Griffin ya 1634 haikusalia, kwa hiyo msiitafute. Tafuteni mambo manne: kupokelewa kanisani, kuandikishwa kuwa raia mwenye kura, kiwanja, na wosia. Kiwanja cha Hutchinson mjini Boston kinajulikana mpaka leo: ni pembeni panapokutana Washington Street na School Street. Ndoa msizitafute kanisani. Katika Massachusetts ya miaka hiyo zilifungwa mbele ya hakimu, kwa hiyo zimo katika kumbukumbu za mji. Ubatizo nao ulitolewa kwa watoto wa waumini waliokwisha kupokelewa, basi mtoto asiyeonekana daftarini si lazima awe hakuzaliwa.

Upande wa Uingereza, madaftari ya parokia yaliamriwa mwaka 1538, na mwaka 1598 ikaamriwa yanakiliwe kwenye ngozi na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Ubatizo wa Anne mwenyewe, 20 Julai 1591, ni wa kabla ya amri ya pili, hivyo kwa tarehe za aina hiyo ulizeni kwanza kama mnachosoma ni daftari la asili au ni nakala. Ndoa yake haimo Alford, ingawa bwana na bibi walikulia huko. Walioana London, katika kanisa la St Mary Woolnoth, 9 Agosti 1612, kwa sababu baba yake, Francis Marbury, alikuwa amehamia London kuhudumu kama kasisi tangu 1605. Mfuateni baba wa binti, ndoa mtaikuta.

Majina yanayorudiwa yanachosha. Susanna alibatizwa Septemba 1614, akazikwa Septemba 1630. Mtoto aliyebatizwa Novemba 1633 akapewa jina hilohilo. Vivyo hivyo kwa William wa 1623 na William wa 1631. Jina likijitokeza tena, angalieni daftari la mazishi kabla ya kuamua kwamba karani amerudia.

Maneno ya ukoo yanataka subira zaidi, na hapa Kiswahili kinatusaidia na kutuponza. Neno la Kiingereza la "kaka" lilibeba watu watatu: wa tumbo moja, shemeji, na muumini mwenzako. Ni kama "ndugu" yetu. John Wheelwright anaitwa kaka wa akina Hutchinson, kumbe ni shemeji: alimwoa Mary, dada yake William. Waraka ulioanzisha makazi ya Portsmouth, Rhode Island, wa siku ya saba ya mwezi wa kwanza 1638, una sahihi za Edward Hutchinson mkubwa na Edward Hutchinson mdogo. Wengi hudhani ni baba na mwana. Mkubwa ni mdogo wake William. Mdogo ni mwana wa William na Anne. Yaani, yule mkubwa ni baba mdogo wa yule mdogo! Maneno hayo kwao yalitenganisha wenye jina moja mahali pamoja, basi. Ukurasa huohuo una William mwenyewe, na wakwe zake wawili, Thomas Savage, mume wa Faith, na John Sanford, mume wa Bridget. Tena mwone kwamba mwandishi ameandika 1638 ingawa 25 Machi haijafika. Makarani waliohesabu miezi kwa namba waliweza kuubadili mwaka mara mwezi wa kwanza ulipoingia.

Baada ya kifo cha William, Anne alihamia eneo la Waholanzi, Bronx ya leo, na Agosti 1643, Waholanzi wakipigana na wenyeji, Wasiwanoy, kabila mojawapo la wenyeji hao, walimuua pamoja na wanawe kadhaa. Susanna wa 1633 alichukuliwa mateka. Anaonekana tena Boston 30 Desemba 1651, akiolewa na John Cole, na baada ya hapo ukimtafuta kwa jina la Hutchinson humpati.

Vizazi vingi vinavyojulikana vinapitia kwa Edward, kifungua mimba, aliyekufa Agosti 1675 kwa majeraha ya vita karibu na Brookfield. Mwanawe ni Elisha, mjukuu wa Anne. Kitukuu ni Thomas. Kilembwe ni Thomas wa pili, aliyezaliwa 1711 na kuwa gavana wa Massachusetts. Si kila Hutchinson wa New England yumo humo: Richard Hutchinson wa Salem alitoka Nottinghamshire, na jina peke yake halimuungi na Alford.

Gavana huyo aliandika historia ya koloni lake. Agosti 1765 ghasia za kodi zilimvunjia nyumba Boston, na karatasi zake zikatupwa matopeni. Kitabu cha pili kilitoka hata hivyo, mwaka 1767, na mwishoni mwake kilembwe aliweka maelezo ya kuhojiwa kwa Anne mahakamani Novemba 1637, swali kwa jibu.