Bendera sio ya kumfukuzia jirani

Shikamoni wazee, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee bendera, naanzia mbali kidogo, Uingereza. Kule kiangazi cha 2025 watu walianza kufunga bendera kwenye nguzo za taa mtaa kwa mtaa, ya taifa na ile ya msalaba mwekundu wa St George, wengine wakapaka rangi hadi kwenye vipilefti, halmashauri zingine zikatuma watu kuzishusha. Waliofunga wakasema tunaipenda tu nchi yetu, na naamini wengi walimaanisha hivo. Ila kipindi kilekile kulikuwa na maandamano nje ya hoteli wanazokaa waomba hifadhi, sasa mama wa Kipakistani anayepita pale na mwanae, amezaliwa hukohuko, anaionaje ile bendera? Anajiuliza imefungwa kwa ajili yake au dhidi yake.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu. Sisi bendera tuna sheria yake ya 1971, haifungwi ovyo, sawa, lakini hapa Mtwara 2013 kwenye lile sakata la watu kupinga gesi yetu kupelekwa Dar, ukitaja taifa mtu alikuwa anasikia bomba la kwenda Dar. Ukimpungia bendera mtu mwenye malalamiko ili anyamaze, umemwambia taifa sio lake.

Kinachoniuma zaidi ni hili la mpakani. Oktoba 2020 Kitaya, kijiji chetu cha mpakani, ilishambuliwa na wapiganaji waliotokea Msumbiji, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, hofu ikawa kubwa na ilikuwa ya haki kabisa, ila hofu hiyohiyo ikafanya mtu akiongea Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma aanze kuangaliwa vibaya, wakati ana shemeji Newala na mjomba Tandahimba na wengine walikuja wanakimbia wauaji walewale! Jamani, sisi ndo wa kufanya hivo? FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, imeundwa Dar 1962, wapiganaji wake wamefunzwa hapo Nachingwea mpaka Msumbiji ikapata uhuru 1975. Bendera hii hii ndo ilikuwa inapepea juu yao. Wazee wa Lindi na Mtwara waliishi na wageni wenye bunduki wakaita wale ni ndugu, na mabomu ya Mreno, mkoloni wa Msumbiji, yalikuwa yanavuka mto.

Shuleni tunafundishwa nyeusi ni watu. Haijasemwa Mmakonde, Mmwera, Myao wala Mmakua, na Mhindi wa dukani ambaye babu yake kazaliwa Lindi naye yumo humo, mimi simtoi.

Kwa iyo wenyeviti wa mitaa mliopo, tarehe 9 Disemba mkigawa vibendera msimuulize mtu katokea wapi kwanza. Na kama ni gesi au bei ya korosho inawauma watu, itisheni mkutano wa hadhara, bendera iwekwe hapo mbele na watu waseme yote, hata yale makali, na yaandikwe kwenye muhtasari. Haya, maswali, tuanze na akina mama wa huko nyuma.