Tumefundisha Wengi, Wamebaki Wangapi?

Haya jamani tukae tuanze, naona wengine mna shifti jioni. Sitawaeleza kwa nini tunahitaji manesi waliosomea kuwapima watu waliobakwa, hilo mnalijua, wengi wenu mmefanya kazi emajensi za huku Marekani miaka na miaka. Mimi nataka tuongee hela. Na sio hela ya kufundisha, hiyo ukiitafuta unaipata, unaomba ruzuku, unapata ukumbi, unatoa ile kozi ya masaa 40, watu wanapewa vyeti na ripoti inaenda jimboni kwamba mwaka huu tumefundisha watu kadhaa. Halafu usiku wa manane piga simu kaunti ya pembezoni umtafute nesi mmoja tu wa SANE, yaani hao waliosomea uchunguzi wa waliobakwa, hayupo.

Mwaka 2016 GAO, wale wakaguzi wa Bunge la Marekani, walitoa ripoti juu ya jambo hili. Walichukua majimbo 6, Wisconsin ikiwemo. Wisconsin wakawaambia walifundisha watu 540 ndani ya miaka 2, na waliokuwa bado wanafanya kazi hiyo jimboni ni 42. Najua kuna walionisikia nikiitaja namba hii mahali pengine na wameshaichoka, nitaitaja tena. 42 kati ya 540! Hata mmoja katika kila kumi hafiki. Na msiwacheke Wisconsin, wao angalau walihesabu. Mimi kila nikikaa na watu wa bajeti nauliza swali moja, wale wa mwaka juzi wako wapi? Wananijibu idadi ya waliohitimu. Sijauliza waliohitimu mimi, nimeuliza waliobaki.

Sasa kwa nini wanaondoka? Kuna nesi mmoja namfahamu, simtaji yeye wala hospitali yake, ni hospitali ndogo huko mashambani. Alimaliza darasa vizuri sana. Baada ya darasa inakuja sehemu ya vitendo, lazima ufanye uchunguzi ukisimamiwa na mzoefu mpaka aseme huyu sasa anaweza. Hospitali yake kesi zenyewe chache, kwa hiyo akawa anaendesha gari mpaka mjini siku zake za mapumziko, mafuta yake, hakuna anayemlipa. Akamaliza na hiyo. Akaanza kushika zamu ya kuitwa, na zamu ya kuitwa maana yake simu iko mkononi muda wote, husafiri, hunywi hata bia moja, watoto wawe na mtu wa kuwaachia, na kwa kila saa ya kusubiri unapewa vidola vichache ambavyo hata huyo wa kukaa na watoto havimtoshi. Ukiitwa saa nane usiku unakaa na manusura masaa matatu, manne, siku nyingine zaidi, unamsikiliza, unampima kichwa mpaka mguu na kila hatua unamwomba ridhaa upya, unachukua sampuli, unapiga picha majeraha, unaandika, lile boksi la ushahidi haliondoki machoni pako mpaka limefungwa na limekabidhiwa kwa sahihi, na dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya masaa 72 halafu azimeze siku 28, ni wewe unayemwelewesha hayo yote mtu ambaye saa hiyo hata jina lake analitaja kwa shida. Saa moja asubuhi shifti yake ya kawaida inaanza. Akiomba apumzike anaambiwa ile ya usiku ulijitolea mwenyewe. Miezi inapita, unakuja wito wa mahakama, siku nzima wakili wa utetezi anambana, na siku hiyo inakatwa kwenye likizo yake.

Akaacha. Kazi anaipenda mpaka leo, lakini aliacha. Na kwenye ripoti ya jimbo yule bado ni mafanikio, amefundishwa! Tunafundisha, wanaondoka, tunafundisha wengine, ni kuteka maji kwa tenga na kila mwaka tunaomba hela ya tenga jipya.

Mtu ataniambia, kwani daktari yeyote wa emajensi hawezi kufungua boksi akafuata maelekezo? Anaweza kulifungua. Lakini huyo analifungua mara moja moja, nje ana mwenye mshtuko wa moyo, anaitwa anatoka, anarudi, na ushahidi huo anauacha na nani? Na manusura wakati huo amekaa kwenye viti vya kusubiria na nguo zile zile, wengine wanaamka wanarudi nyumbani. Manesi wa Memphis waliliona hili 1976, Minneapolis 1977, ndiyo maana wakaanzisha kazi hii, sasa miaka yote hii imepita tunaulizwa tena kama ni lazima.

Mwingine atasema uchunguzi si unalipiwa? Ndiyo, tangu VAWA, ile sheria ya shirikisho ya ukatili dhidi ya wanawake, ilipofanyiwa marekebisho 2005, jimbo likitaka hela za STOP, ruzuku inayotolewa chini ya sheria hiyo, lazima lihakikishe aliyebakwa hatozwi uchunguzi, awe ameripoti polisi au hajaripoti. Sheria nzuri sana. Lakini bili hiyo ni ya uchunguzi uliofanyika, nesi aliyekesha akisubiri simu ambayo haikulia hayumo kwenye bili. Utayari haulipiwi, basi! Hapo ndipo ninapogombana na watu wa bajeti. Zimamoto tunawalipa hata siku ambayo hakuna moto, hakuna anayewaambia walijitolea wenyewe.

Na tazameni hizo hela za STOP jimbo linavyozigawa kwa sheria. Polisi wasipungue asilimia 25, waendesha mashtaka 25, huduma za waathirika 30, mahakama 5, inabaki 15 ya jimbo kuamua. Manesi hawana fungu kwa jina lao, wanaenda kuomba kwenye fungu la mwenzao au wanagombania hiyo 15.

Muda umenibana, niseme haraka. Mfuko wa VOCA, ule wa shirikisho wa kusaidia waathirika wa uhalifu ulioanzishwa 1984, sio kodi, ni faini za wahalifu wa kesi za shirikisho, kesi kubwa zikipungua mfuko unashuka, walirekebisha kidogo 2021, lakini usiajiri mratibu wa kudumu wa manesi hawa kwa hela hiyo peke yake, mshahara wake uwe kwenye bajeti ya jimbo lenyewe. Lile la nesi mzoefu kumwongoza mwenzake kwa video akiwa mbali Massachusetts wamelifanya, linasaidia sana hospitali ndogo, ila kule chumbani bado anatakiwa nesi mwenye mikono. Uchunguzi wa watoto ni kozi nyingine kabisa na cheti kingine, leo siugusi.

Ukikutana na mbunge wako wa jimbo usimwombe kozi. Mwombe malipo ya zamu, mafuta, malipo ya mzoefu anayesimamia, siku ya mahakama ilipwe kama siku ya kazi, na ripoti ioneshe waliobaki baada ya mwaka mmoja na baada ya miwili. Haya, maswali, dada pale nyuma nimekuona tangu muda ule, anza wewe.