Boksi Si Gunia la Omena

Wazee, vijana, na nyinyi akina mama mafundi hapo nyuma, naona mwaka huu mmekuwa watatu, karibuni sana Kisumu. Nimepewa nusu saa niongee juu ya taa za nje. Wale walinisikia Nakuru wanajua nitaongea kitu kimoja, boksi, kile kisanduku cha ukutani nyuma ya taa nyaya zinapoungania, na nitapitisha muda, kwa hivyo kaa vizuri kwa hicho kiti.

Wacha niwaambie ya Mamboleo, hapa hapa Kisumu. Mama mmoja alinipigia, fundi, mvua ikinyesha tu braka inaanguka, kukikauka inashika, nimechoka kulala giza. Nikaenda asubuhi na ngazi. Taa ni ya chuma, ya ukutani, lakini imekaa kama mtu anataka kuondoka, huku juu imeachana na ukuta, kidole changu kidogo kinapita. Nikalegeza skrubu ya kwanza, ya pili hata sijamaliza, taa ikajirukia yenyewe kama springi, nyaya zote zikafuata nyuma yake. Kumbe ndani ni kile kibox cha duara cha konduti, yaani bomba la nyaya, kile cha PVC mnanunua kwa dazeni. Nikatoa sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, waliokufa, kiganja kizima, na mjusi mmoja amekauka kama ngozi ya kiatu. Halafu nikaanza kuhesabu nyaya. Tatu zinatoka kwa swichi, tatu zinaenda taa ya pili, tatu zinaenda kwa geti. Tisa! Bado za taa yenyewe, bado konekta. Ile nyekundu ilikuwa imefinywa kwa kichwa cha skrubu mpaka shaba inaonekana.

Nikaanza kutukana fundi, kimoyomoyo, si unajua vile tunatukana fundi aliyetutangulia. Kisha nikaona tepu. Ilikuwa imezungushwa kutoka upande wa kushoto. Ndugu zangu, mimi ni wa mkono wa kushoto. Ile kazi ilikuwa yangu, ya miaka kumi na moja nyuma, na mama alikuwa amesimama chini ya ngazi akinishikia, ananiangalia tu, alikuwa anajua tangu mwanzo.

Sasa niulize, kosa lilikuwa la mvua? Raba ya ile taa, ile ya kuzuia maji ukutani, ilikuwa nzima kabisa. Shida ni boksi ilijaa, ikijaa taa haikai kwa ukuta, taa isipokaa raba haishiki, raba isiposhika maji yanaingia huko juu na sami wanafuata mwanga, wakifa wanaita mijusi. Kijana atasema si uweke silikoni. Niliweka! Tyubu mzima! Iliachia kwa sababu nyaya zilikuwa zinasukuma siku na usiku miaka kumi na moja, silikoni haiwezi kupigana na waya ngumu iliyokunjwa kwa nguvu. Na tena silikoni unapaka juu na kando, chini unaacha wazi ili maji yakiingia yapate njia ya kutoka, hiyo nitarudia nikipata muda, sitapata.

Sasa hesabu. Wamarekani wameiandika kwa kanuni zao za stima, kifungu cha 314.16, na mimi naipenda kwa sababu haikuambii "acha nafasi ya kutosha", inakupa namba. Waya yao ya namba 14, ambayo ni kama milimita mraba 2 yetu, kila moja inapewa inchi 2 za ujazo, hiyo ni kama mililita 33. Namba 12 inapewa inchi 2.25. Waya inayoingia na kuishia ndani, hesabu moja. Inayopita tu bila kukatwa, moja. Za ardhi, zile za kijani, mpaka nne, zote pamoja ni moja. Klampu za kushika nyaya zikiwa ndani ya boksi, zote ni moja. Swichi au soketi ikikaa hapo, mbili. Kale kakipande unakata mwenyewe kuunganisha humo humo ndani hakahesabiwi, na kofia za kuunganishia pia hapana. Nyaya nyembamba za taa zisizozidi nne, kama taa ina kikombe chake cha kufunika boksi, unaziacha.

Mikono imeinuka, najua swali. Mwalimu, Marekani nyumba ni volti 120, sisi ni 240, hiyo yao inatuhusu nini? Omera, ndugu yangu, boksi haijui volti. Boksi inajua nafasi. Vitabu vya Uingereza tunavyofuata havina jedwali kama hilo la boksi, vinakwambia tu waya isiumizwe ukiifunga, na wewe unasoma hapo unasema sawa, haijaumia, kwa sababu ushaifunika huioni. Taa tunavuta kwa waya ya milimita mraba 1.5, nyembamba kuliko yao, kwa hivyo ukitumia hesabu yao unabaki salama na chenji kidogo.

Shida yetu ni vibox. Chukua sindano ya mifugo, ziba matundu na tepu, jaza kile kibox cha duara maji, mililita kwa mililita. Mimi nilifanya nyumbani jikoni, haikufika mia. Gawa na 33. Hata waya tatu hazijaenea, na mimi nilitia tisa, hata ardhi zote ukihesabu moja ni saba! Sasa chukua boksi ya mraba ya inchi 3 kwa 3, ile ya kina. Ndani ikiwa sentimita 7 kwa 7 kwa 4.5, ni mililita 220, unapata sita. Waya za kuingia na kutoka ni nne, ardhi moja, tano, unakaa vizuri. Ongeza ile ya geti, zinakuwa sita na ardhi moja, saba. Imekataa. Kwa hivyo ya geti unaitafutia njia ingine, au unaweka boksi kubwa na kifuniko na taa inakaa kando. Na hii unaamua ukuta ukiwa matofali, plasta ikishapigwa unaanza kuomba Mungu.

Dakika tano? Haya, haraka. Waya ya ardhi. Boksi ikijaa, ya kwanza kukatwa ni ya kijani, ati taa inawaka bila hiyo. Inawaka, ndiyo, na siku ile nyekundu imefinywa, taa ya chuma inakuwa na moto na mtoto anaishika akiwa miguu wazi kwa matope. Nimekuta zimekatwa zikakunjwa nyuma, nyingi. Usikate. RCD ya miliampia 30 pia, ile swichi inakata stima ikivuja, lakini hiyo mtaongea na mwenzangu wa mchana.

Konduti iingie kutoka chini, isiingie juu.

Nani ana kibox kwa begi? Wewe wa koti, lete. Na chupa ya maji hapo mbele, nani amekunywa nusu? Sindano ninayo. Njooni karibu, nyinyi ndio mtahesabu, mimi nitamwaga tu.